Kuhesabu Dhahabu Isiyoonekana: Kundi la Kompyuta na Kazi Zake

Mwaka 1966 mgodi wa dhahabu wa Geita, uliokuwa umefanya kazi tangu miaka ya 1930, ulifungwa. Mwaka 2000 mgodi mwingine, mkubwa zaidi, ulifunguliwa katika eneo hilo hilo. Katika miaka 34 iliyotenganisha matukio hayo mawili dhahabu haikuongezeka ardhini hata gramu moja. Kilichobadilika ni bei yake, mitambo ya kuichimbua, na pia ujuzi wa kukadiria iko wapi na ni kiasi gani kabla ya kuifikia. Ujuzi huo kwa sehemu kubwa ni hesabu, na hesabu zenyewe zimekuwa nyingi kiasi kwamba kompyuta moja haitoshi tena kuzimaliza kwa wakati unaofaa.

Makala haya yanaeleza jinsi hesabu za aina hiyo zinavyogawanywa katika kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja. Yanaeleza pia kwa nini kasi ya kundi hilo huweza kumsaidia mtaalamu au kumpotosha, kwa kadiri alivyoipanga kazi yake.

Mwamba na sampuli

Ukanda wa dhahabu unaotoka Geita hadi Kahama, katika Mkoa wa Shinyanga, una miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Geita dhahabu imo zaidi katika miamba ya chuma yenye mistari, pale ilipovunjika na kupitiwa na maji ya moto yenye madini. Bulyanhulu, ambako uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 2001, dhahabu imo katika mikanda myembamba iendayo chini sana ardhini. Kote huko tatizo ni moja: dhahabu haikutawanyika sawasawa. Tani moja ya mwamba inaweza kuwa na gramu 2 tu, yaani sehemu mbili katika milioni, na hatua chache kando yake tani nyingine isiwe na kitu.

Wachimbaji wadogo wa Rwamgasa na Nyarugusu wanalijua jambo hilo kwa jasho lao. Duara moja humtajirisha mwenyewe, na duara lililo jirani humwachia deni la kamba, magogo na chakula cha vijana wake. Kwa lugha ya takwimu, kila duara ni sampuli moja.

Kampuni kubwa nayo hutegemea sampuli, ingawa nyingi zaidi. Mashine ya kuchoronga hutoa kijiti cha mwamba chenye kipenyo cha sentimita 5 hivi. Kijiti hukatwa vipande, na kila kipande hupimwa maabara. Matundu yakichorongwa kwa umbali wa meta 50, kila tundu husimama badala ya eneo la meta za mraba 2,500. Hii ina maana kwamba mwamba uliopimwa ni chini ya sehemu moja katika milioni moja ya mwamba wote. Sehemu nyingine yote hukadiriwa, na juu ya kadirio hilo hupangwa mikopo, kodi, ajira, na hata vijiji vitakavyohamishwa.

Njia ya Krige

Mwaka 1951 mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, Danie Krige, alichapisha utafiti kuhusu migodi ya dhahabu ya Witwatersrand. Alionyesha kwamba makadirio ya zamani yalikuwa na upotofu wa kudumu. Sehemu zilizokadiriwa kuwa tajiri sana zilitoa dhahabu pungufu ya matarajio, na zilizokadiriwa kuwa maskini zilitoa zaidi. Katika miaka ya 1960 Mfaransa Georges Matheron alilijengea wazo hilo nadharia kamili ya hisabati, akaipa njia hiyo jina la Krige.

Kiini cha njia ya Krige ni rahisi kueleweka. Mwamba hugawanywa katika matofali ya kufikirika. Ili kukadiria dhahabu ya tofali moja, huchukuliwa sampuli zilizo karibu, na kila sampuli hupewa uzito wake. Sampuli ya karibu hupewa uzito mkubwa kuliko ya mbali. Sampuli mbili zilizotoka upande mmoja hugawana uzito, kwa kuwa ni kama mashahidi wawili waliosimama mahali pamoja: ushahidi wao hauzidi sana ule wa mtu mmoja. Uzito wa kila sampuli hupatikana kwa kutatua milinganyo. Sampuli zikiwa 24, milinganyo huwa 25, na hutatuliwa upya kwa kila tofali.

Ichukuliwe machimbo yenye urefu wa kilometa 2, upana wa kilometa 1 na kina cha meta 500. Matofali yakiwa ya meta 10 kwa 10 kwa 5, jumla yake ni 2,000,000. Hesabu hiyo yaonekana kubwa, lakini kompyuta ya kawaida ya mezani huimaliza bila shida. Ugumu huanza mahali pengine.

Kadirio la Krige ni wastani, na wastani hulainisha. Mtu aliyeambiwa kwamba kina cha wastani cha mto ni meta moja bado anaweza kuzama. Vivyo hivyo, ramani ya wastani huficha vilele na mabonde ya utajiri wa mwamba, wala haisemi kadirio linaweza kukosea kwa kiasi gani mgodi utakapochimbwa. Kwa sababu hiyo wataalamu hutengeneza picha nyingi za mwamba. Kila picha huheshimu sampuli zote zilizopimwa, na kila moja ina mikwaruzo inayofanana na ya mwamba halisi, lakini katika sehemu zisizopimwa picha hutofautiana. Tofali likionekana lenye faida katika picha 150 kati ya 200, basi uwezekano wake ni asilimia 75. Kwa njia hiyo shaka yenyewe hupata kipimo.

Bei ya picha hizo ni muda. Picha huhitaji chembe ndogo kuliko matofali. Kila tofali likigawanywa chembe 50, chembe huwa 100,000,000. Chembe moja ikichukua sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, picha moja huchukua sekunde 10,000, yaani karibu saa 2 na dakika 47. Picha 200 zikifanywa moja baada ya nyingine huchukua siku 23. Mtaalamu akigundua siku ya 20 kwamba alikosea namba moja mwanzoni, hana budi kuanza upya.

Kundi la kompyuta ni nini

Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, waliokuwa wakifanya kazi katika kituo cha NASA nchini Marekani, waliunganisha kompyuta 16 za kawaida kwa nyaya za mtandao, wakazifanya zifanye kazi kama mashine moja. Waliuita mradi wao Beowulf. Kabla ya hapo kompyuta yenye nguvu nyingi ilikuwa chombo cha pekee, kilichoundwa kwa gharama kubwa mno. Baada ya hapo ilidhihirika kwamba chuo chenye bajeti ya wastani kinaweza kujijengea nguvu hiyo kidogo kidogo. Kundi la namna hiyo wataalamu huliita klasta.

Klasta ina sehemu nne. Ya kwanza ni kompyuta ya mapokezi, ambayo mtumiaji huingilia, hata akiwa mbali, kwa njia ya mtandao. Ya pili ni kompyuta za kazi, ambazo kila moja ina viini vingi vya kukokotoa na kumbukumbu ya pamoja. Ya tatu ni ghala la data. Ya nne ni mtandao wa ndani unaoziunganisha zote. Juu ya hizo husimama programu inayopanga foleni. Mojawapo ya programu zinazotumika sana ni Slurm, iliyoanzishwa katika maabara ya Lawrence Livermore, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Mtumiaji mgeni mara nyingi huendesha hesabu yake katika kompyuta ya mapokezi. Hilo ni kosa la kwanza. Mapokezi ni ya watu wote, na anayetwanga mahindi yake ukumbini huwazuia wageni wengine kupita. Utaratibu sahihi ni kuandika hati ya kazi na kuikabidhi kwa mpanga foleni. Hati hiyo hutaja mambo machache: programu itakayoendeshwa, idadi ya kompyuta na viini vinavyohitajika, kiasi cha kumbukumbu, muda wa juu kabisa, na mahali pa kuandika matokeo. Baada ya hapo mtumiaji huweza kuondoka. Kazi itaanza nafasi ikipatikana, hata usiku wa manane.

Foleni na busara yake

Kabla ya daraja la Kigongo na Busisi kufunguliwa mwaka 2025, wasafiri wa Geita waliotoka Mwanza walivuka kwa kivuko. Aliyewahi kusubiri pale aliona kwamba foleni haikwenda kwa kufika tu. Lori kubwa lilipongoja nafasi yake, magari madogo na watembea kwa miguu waliweza kuingizwa katika nafasi iliyobaki kivukoni bila kumchelewesha mwenye lori.

Mpanga foleni wa klasta hufanya vivyo hivyo. Kazi kubwa ikisubiri kompyuta 20 ziwe wazi kwa pamoja, kazi ndogo za muda mfupi hupitishwa katika mianya. Lakini mpangaji huweza kufanya hivyo ikiwa tu kila mtu amesema ukweli kuhusu muda wake. Anayeomba siku 7 kwa kazi ya saa 3 hawezi kuingizwa katika mwanya wowote, na hungoja kwa sababu ya hofu yake mwenyewe. Anayeomba saa 2 kwa kazi ya saa 3 hukatizwa muda ukiisha, na hesabu yake hupotea isipokuwa programu yake ilikuwa ikihifadhi hali ya kazi njiani. Hifadhi ya njiani ni desturi njema katika kila kazi ndefu. Ni ya lazima zaidi mahali ambapo umeme huweza kukatika.

Kugawa kazi kwa akili

Picha 200 zilizotajwa hapo juu zinagawika kwa urahisi, kwa kuwa picha moja haingoji nyingine. Zinafanana na kinamama wanaoponda mawe Nyarugusu: kila mmoja ana rundo lake, na wakiongezeka maradufu kazi huisha katika nusu ya muda. Viini 200 vikichukua picha moja moja, siku 23 hugeuka kuwa chini ya saa 3.

Hata hivyo mgawanyo una masharti, na la kwanza ni kumbukumbu. Ichukuliwe kwamba kila kompyuta ya kazi ina viini 40 na kumbukumbu ya gigabaiti 64, na kwamba kila picha huhitaji gigabaiti 2. Anayegawa kwa kutazama viini peke yake ataomba kompyuta 5, aweke picha 40 katika kila moja. Picha 40 huhitaji gigabaiti 80, nazo hazipo. Mtumbwi wenye viti 40 usioweza kubeba zaidi ya watu 30 hauokolewi na viti vyake, na kazi hiyo itaanguka dakika za mwanzo. Njia iliyo salama ni kuweka picha 30 kwa kila kompyuta, na kuomba kompyuta 7. Viini vichache vitakaa bure, lakini kazi itakamilika.

Sharti la pili linahusu kazi zinazotegemeana. Hesabu ya mwendo wa maji ya ardhini kuelekea shimo la mgodi, au ya uimara wa kuta za shimo hilo, hailingani na marundo ya mawe. Hulingana na vijana wa duara moja: aliye chini, aliye kwenye kamba na aliye juu lazima wasikilizane kila wakati. Kila sehemu ya hesabu hungoja habari kutoka sehemu za jirani. Mwaka 1967 Mmarekani Gene Amdahl alieleza mpaka wa kazi za namna hiyo. Kama asilimia 5 ya kazi haigawiki, basi hata kompyuta zikiwa zisizo na idadi, kasi haiwezi kuzidi mara 20. Viini 200 vitaleta kasi ya mara 18 tu. Kwa hiyo kabla ya kuomba mashine nyingi, yafaa mtaalamu apime kazi yake kwa viini 2, kisha 4, kisha 8, na aone kasi inapoanza kudumaa.

Sharti la tatu ndilo la hatari kuliko yote, kwa sababu anayelivunja haoni dalili yoyote. Picha za mwamba hutofautiana kwa nguvu ya namba za bahati nasibu. Kompyuta haina bahati nasibu ya kweli. Huzalisha mfululizo wa namba kutokana na namba moja ya mwanzo, iitwayo mbegu, na mbegu ile ile huzaa mfululizo ule ule daima. Mtu akinakili hati moja mara 200 na kusahau kubadilisha mbegu, klasta itafanya kazi yote bila kulalamika. Faili 200 zitaandikwa, na zote zitakuwa picha moja. Mtaalamu atazilinganisha, ataona kwamba hazitofautiani, na ataandika katika ripoti yake kwamba kadirio halina shaka. Kosa dogo la kunakili litakuwa limegeuka kuwa uhakika wa uongo, na uhakika huo utakuwa umepatikana kwa kasi ya ajabu.

Ndiyo maana hati ya kazi, mbegu zote, toleo la programu na orodha ya sampuli huhifadhiwa pamoja na matokeo. Hesabu isiyoweza kurudiwa na mtu mwingine haifai kuitwa ushahidi.

Matokeo kurudi nyumbani

Mtaalamu aliye Geita au Shinyanga haitaji kuwa na klasta mlangoni pake, mradi ajue nini cha kusafirisha. Picha moja ya chembe 100,000,000 hujaza megabaiti 400 hivi, na picha 200 hujaza gigabaiti 80. Kwa njia ya mtandao yenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, mzigo huo huchukua karibu saa 18 kufika, laini isipokatika. Lakini kinachohitajika mgodini si picha zote. Ni ramani moja inayoonyesha uwezekano wa kila tofali kuwa na faida. Ramani ya matofali 2,000,000 ni megabaiti 8 tu, nayo hufika kwa sekunde 7. Kwa hiyo muhtasari hutengenezwa huko huko kwenye klasta, na picha hubaki ghalani.

Mashine za kufanya kazi hiyo si ngeni kusini mwa Afrika wala nchini. Kituo cha Taifa cha Kompyuta za Nguvu cha Afrika Kusini, kilichoanzishwa Cape Town mwaka 2007, kilizindua mashine yake ya Lengau, yaani duma, mwaka 2016. Kompyuta ya Ranger iliyotumika katika Chuo Kikuu cha Texas kuanzia mwaka 2008 hadi 2013 ilivunjwa vipande baada ya kustaafu, na sehemu zake zikaletwa Afrika ili vyuo vijifunzie. Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam nayo ilipata kompyuta ya ukoo wa PARAM kutoka India. Programu nazo zipo: GSLIB, mkusanyiko wa programu za takwimu za miamba uliotoka Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1992, hutolewa bure. Kinachobaki ni watu waliofunzwa, na sampuli.

Hesabu na wenye ardhi

Swali la kukadiria kitu kikubwa kwa sampuli chache si la darasani peke yake. Machi 2017 Serikali ilizuia kusafirishwa nje kwa makinikia yaliyotoka Bulyanhulu na Buzwagi. Makontena 277 yalikuwa bandarini Dar es Salaam. Kamati mbili, moja chini ya Profesa Abdulkarim Mruma na nyingine chini ya Profesa Nehemiah Osoro, ziliwasilisha taarifa zao Mei na Juni mwaka huo, na makadirio ya dhahabu iliyokuwamo yalitofautiana sana na ya kampuni. Mgogoro ulimalizwa kwa mapatano ya Januari 2020, yaliyoambatana na kampuni ya Twiga, ambamo Serikali ina hisa asilimia 16. Makala haya hayakusudii kuhukumu shauri hilo. Linatajwa kwa sababu linaonyesha kwamba mwenye mali asiyeweza kurudia hesabu ya mshirika wake hana jingine ila kuamini au kushuku.

Kwa Mikoa ya Shinyanga na Geita kadirio la akiba ya mgodi ndiyo kalenda ya maisha. Buzwagi ilianza mwaka 2009, ikafungwa mwaka 2021. Halmashauri iliyopanga shule, barabara na maji kwa mapato ya mgodi, na kijana aliyejenga nyumba kwa mshahara wake, wote waliishi ndani ya makadirio ya namna hii, wakijua au bila kujua.

Basi anayekabidhiwa ripoti ya akiba ya madini, awe diwani, ofisa madini au mwanafunzi wa jiolojia, ana haki ya kuuliza maswali matatu. Sampuli zilikuwa ngapi, na zilitoka wapi? Shaka ilipimwa kwa picha ngapi, na kila picha ilikuwa na mbegu yake? Je, mtu mwingine, kwa mashine nyingine, ameirudia hesabu hiyo akapata jibu lile lile? Maswali haya hayahitaji kompyuta yoyote. Yanahitaji kwamba nchini wawepo watu wa kutosha wanaoweza kuyajibu.